Somo la Afya: Damu Yako Inasema Nini Kuhusu Mifupa Yako

Tuanze na mfano. Mama wa miaka 64 anateleza uani akibeba ndoo ya maji. Anajikinga kwa mkono, na kifundo cha mkono kinavunjika. Hospitalini anapigwa eksirei, anafungwa plasta, anarudi nyumbani. Baada ya wiki chache mwanawe anampeleka kwenye maabara ya mtaani na kuomba apimwe mifupa. Wanamtoa damu na kupima kalsiamu. Jibu linarudi: iko kawaida. Jamaa wote wanashukuru, mama anaendelea na shughuli zake. Mwaka unaofuata anaanguka tena, na safari hii nyonga ndiyo inayovunjika.

Mfano huu tumeutunga kwa ajili ya somo hili, lakini visa vya namna hii si vigeni katika wodi za mifupa. Na nyonga si mkono. Tafiti za nchi nyingi zimeonyesha kuwa takriban mzee 1 kati ya 5 wanaovunjika nyonga hufariki ndani ya mwaka mmoja, na wengi wa wanaopona hawarudii tena mwendo wao wa zamani.

Je, maabara ilikosea? La. Kalsiamu ya mama yule ilikuwa kawaida kweli. Kilichokosewa ni swali. Familia ilitaka kujua kama mifupa yake ni imara, lakini kipimo walicholipia hakijibu swali hilo. Katika somo la toleo hili tutaeleza ni maswali gani kuhusu mifupa ambayo damu inaweza kuyajibu, ni yapi haiwezi, na mwananchi afanye nini ili fedha zake za vipimo zisipotee bure.

Mfupa hukarabatiwa kila siku

Watu wengi huuona mfupa kama jiwe: ukishakomaa, umekomaa. Sivyo. Mfupa ni kiungo kilicho hai, chenye damu na chembe zinazofanya kazi usiku na mchana. Mwenye nyumba ya udongo anaijua kazi hii. Mahali udongo ulipopasuka, hubanduliwa, na udongo mpya hukandikwa. Nyumba inabaki imesimama kwa sababu kinachobanduliwa kinarudishwa.

Ndani ya mfupa kuna makundi mawili ya chembe. Kundi la kwanza hubomoa mfupa uliochakaa, tuliite wabomoaji. Kundi la pili hukandika mfupa mpya, tuliite wajenzi. Kubomoa sehemu moja huchukua wiki chache, lakini kuijenga tena huchukua miezi kadhaa. Kwa mtu mzima, takriban asilimia 10 ya mifupa yote hufanywa upya kila mwaka.

Tangu utotoni hadi karibu miaka 30, wajenzi huwashinda wabomoaji, na akiba ya mfupa huongezeka. Baadaye nguvu zinakuwa sawa kwa muda, kisha wabomoaji huanza kushinda polepole. Kwa mwanamke, mambo hubadilika ghafla anapokoma hedhi. Homoni ya estrojeni, ambayo ilikuwa ikiwazuia wabomoaji wasipitilize, hupungua. Katika miaka 5 hadi 7 ya kwanza baada ya kukoma hedhi, mwanamke anaweza kupoteza hadi asilimia 20 ya mfupa wake. Haumwi popote. Hajui lolote hadi siku anayoanguka.

Hali hii ya mifupa kupungua uzito na kuwa miepesi kuvunjika huitwa osteoporosisi. Huwapata pia wanaume, hasa wazee, walevi, wavutaji sigara na wanaotumia baadhi ya dawa kwa muda mrefu.

Kwa nini kalsiamu ya damu yaweza kukupumbaza

Mwili wa mtu mzima una takriban kilo 1 ya kalsiamu. Asilimia 99 yake imo katika mifupa na meno. Kiasi kidogo sana kinachobaki ndicho kinachozunguka katika damu na nyama za mwili, lakini kiasi hicho kidogo kina kazi kubwa: bila hicho moyo haupigi sawasawa, misuli inakakamaa, na neva hazipelekani habari.

Kwa hiyo mwili hauruhusu kalsiamu ya damu ishuke. Shingoni, nyuma ya tezi ya thairoidi, kuna tezi nyingine 4 ndogo zinazotoa homoni inayoandikwa kwenye fomu za maabara kama PTH. Kalsiamu ya damu ikishuka kidogo tu, PTH hupanda na kuamuru mifupa itoe kalsiamu yake. Pia huiamuru figo isiipoteze kalsiamu kwenye mkojo.

Fikiria mtu anayehakikisha pochi yake haikosi shilingi 1,000. Kila ikipungua, anachota kutoka akiba yake ya chama. Ukiipekua pochi kila siku utakuta shilingi 1,000, na utasema mambo yake ni mazuri. Kumbe akiba inaisha. Damu ni pochi, mfupa ni akiba. Ndiyo maana mtu anaweza kuwa na kalsiamu ya kawaida kabisa katika damu na mifupa iliyokwisha liwa kwa ndani.

Basi kanuni ya kwanza ya somo letu ni hii: kipimo cha damu hakipimi uimara wa mfupa. Kazi yake ni mbili. Kwanza, kutafuta sababu inayofanya mifupa ipungue. Pili, kuonyesha kasi ya ubomoaji na ujenzi. Kazi zote mbili ni muhimu sana, ilimradi tusizichanganye na ile ambayo damu haiwezi kuifanya.

Vipimo vya msingi na maana yake

Daktari au afisa wa kliniki anaposhuku tatizo la mifupa, kwa kawaida huomba vipimo kadhaa kwa pamoja. Hivi ndivyo utakavyoviona kwenye fomu:

*Kalsiamu na albumini.* Katika maabara nyingi, kalsiamu ya kawaida ni kati ya 2.1 na 2.6 mmol/L. Karibu nusu ya kalsiamu ya damu hubebwa na protini, hasa albumini. Mtu aliyekonda kwa maradhi huwa na albumini kidogo, na kalsiamu yake itaonekana ya chini kuliko ilivyo. Ndiyo sababu vipimo hivi viwili husomwa pamoja.

*Fosfeti.* Huungana na kalsiamu kuufanya mfupa uwe mgumu. Hushuka mtu akikosa vitamini D, na hupanda figo zikichoka.

*ALP.* Hiki ni kimeng'enya kinachotoka kwenye mfupa na kwenye ini. Kikipanda, daktari hutazama vipimo vya ini kabla ya kuulaumu mfupa. Mzazi akiona ALP ya mtoto iko juu asishtuke: mtoto anayekua huwa na ALP ya juu kuliko mtu mzima, kwa kuwa mifupa yake inajengwa. Kwa mjamzito pia hupanda, kwa kuwa kondo la nyuma huitoa.

*Vitamini D.* Kipimo sahihi huandikwa 25-OH vitamini D. Chini ya 12 ng/mL, yaani 30 nmol/L, ni upungufu ulio wazi. Kuanzia 20 ng/mL, yaani 50 nmol/L, inatosha kwa watu wengi. Kabla ya kulinganisha jibu lako na la jirani, angalia kipimo kimeandikwa kwa ng/mL au nmol/L. Tarakimu 30 ina maana tofauti kabisa katika vipimo hivyo viwili.

*Kreatinini.* Hupima kazi ya figo. Figo ndizo zinazoikamilisha vitamini D ili ifanye kazi, na ndizo zinazotoa fosfeti iliyozidi. Figo zikiharibika, mifupa haisaliiki. Isitoshe, baadhi ya dawa za mifupa hazifai kwa mtu ambaye figo zake zimedhoofika sana.

*PTH.* Huombwa kalsiamu ikiwa juu au chini, au figo zikiwa na tatizo.

*Hesabu kamili ya damu na ESR.* Hivi si vipimo vya mifupa hasa, lakini husaidia kugundua magonjwa mazito yanayojificha nyuma ya maumivu ya mgongo.

Kutegemea historia ya mgonjwa, daktari anaweza kuongeza kipimo cha thairoidi (TSH), kwa kuwa thairoidi inayofanya kazi kupita kiasi huwapa wabomoaji nguvu, na kipimo cha testosteroni kwa mwanamume aliyevunjika mfupa bila sababu kubwa.

Majibu husomwa kwa pamoja

Jibu moja peke yake halitoshi. Maana hupatikana majibu yakiwekwa pamoja, kama ushahidi wa mashahidi kadhaa. Hapa kuna picha 5 ambazo wahudumu wa afya hukutana nazo:

1. Kila kitu ni kawaida, lakini mfupa umevunjika kwa kuanguka kidogo. Hii ndiyo picha ya kawaida ya osteoporosisi inayotokana na umri au kukoma hedhi. Majibu haya hayasemi kuwa mifupa ni mizima. Yanasema kuwa hakuna ugonjwa mwingine uliojificha, kwa hiyo tiba ya osteoporosisi inaweza kupangwa. Mama wa mfano wetu alikuwa katika picha hii.

2. Vitamini D chini, fosfeti chini, ALP juu, PTH juu. Kalsiamu chini au karibu na mpaka wa chini. Hapa mfupa haukupungua tu, umelainika. Kwa watoto huitwa matege. Kwa watu wazima huleta maumivu ya nyonga, mapaja na mbavu, na mtu hutembea akiyumba kama bata. Habari njema ni kwamba hali hii hutibika vizuri kwa vitamini D na kalsiamu.

3. Kalsiamu juu, na PTH juu. Moja ya zile tezi 4 za shingoni imekaidi na inaendelea kuamuru mifupa itoe kalsiamu hata pasipo haja. Mgonjwa anaweza pia kusumbuliwa na mawe ya figo na kufunga choo. Mara nyingi upasuaji wa kuitoa tezi hiyo huliondoa tatizo.

4. Kalsiamu juu, PTH chini, damu imepungua, ESR juu, kreatinini imepanda. Hii ni picha inayohitaji haraka. Inaweza kuwa saratani ya chembe za uboho iitwayo mayeloma, au saratani iliyotoka sehemu nyingine na kuingia mifupani. Mzee mwenye maumivu ya mgongo yasiyoisha, uchovu na upungufu wa damu asiendelee kununua dawa za kutuliza maumivu kwenye kemisti mwezi baada ya mwezi.

5. Kreatinini juu, fosfeti juu, PTH juu. Ugonjwa wa figo ndio unaoharibu mifupa. Kumpa mgonjwa kama huyu tembe za kalsiamu bila uangalizi kunaweza kumdhuru.

Tuongeze jambo moja. Nchini mwetu kifua kikuu kinaweza kuingia katika pingili za mgongo. Mtu mwenye maumivu ya mgongo pamoja na homa, jasho la usiku na kukonda asidhani ni uzee. Afike kituo cha afya achunguzwe kifua kikuu, hata kama hakohoi.

Vipimo vya kasi: CTX na P1NP

Wabomoaji wanapoubandua mfupa, vipande vidogo vya protini huangukia kwenye damu. Kipimo kiitwacho CTX huhesabu vipande hivyo. Wajenzi nao wanapokandika, mabaki ya kazi yao huingia kwenye damu, na hupimwa kwa P1NP. Mwaka 2011 mashirika ya kimataifa ya osteoporosisi na ya kemia ya maabara yalipendekeza vipimo hivi 2 viwe vya marejeleo duniani.

Kazi yake kubwa ni kufuatilia tiba. Mtu anayeanza dawa za kuwazuia wabomoaji, CTX yake inapaswa kushuka ndani ya miezi 3 hadi 6. Isiposhuka, daktari huuliza: je, dawa inamezwa? Inamezwa inavyotakiwa? Je, kuna ugonjwa mwingine? Picha ya msongamano wa mifupa haiwezi kutoa habari hiyo mapema, kwa kuwa mfupa hubadilika polepole na huhitaji mwaka 1 hadi 2 kuonyesha tofauti.

Hata hivyo, CTX na P1NP peke yake haziwezi kutangaza kuwa mtu ana osteoporosisi. Isitoshe, mfupa ukivunjika, tarakimu hizi hupanda kwa miezi mingi kwa sababu mwili unaunga mfupa. Ukipimwa wiki chache baada ya kuvunjika, jibu litaeleza zaidi habari za jeraha kuliko za mifupa yako yote. Vipimo hivi havifanywi kila mahali. Mara nyingi sampuli hutumwa kwenye maabara kubwa. Usivilipie kabla daktari hajakueleza jibu litabadilisha nini katika tiba yako.

Ni nini basi kinachopima mfupa wenyewe?

Kipimo cha msongamano wa mifupa huitwa DXA. Ni aina ya eksirei yenye miale midogo sana. Mgonjwa hulala kitandani dakika chache, na mashine hupima nyonga na kiuno. Jibu hutolewa kwa alama iitwayo T. Kwa viwango vilivyowekwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 1994, T kuanzia -1 kwenda juu ni kawaida. Kati ya -1 na -2.5 mfupa umeanza kupungua, -2.5 au chini ya hapo ni osteoporosisi. Mashine hizi bado ni chache nchini na nyingi ziko katika miji mikubwa.

Eksirei ya kawaida haiwezi kuchukua nafasi yake. Huonyesha mfupa uliovunjika, lakini upungufu hauonekani vizuri humo mpaka takriban asilimia 30 ya mfupa iwe imepotea.

Je, mwananchi asiyeweza kufika penye DXA amekosa? La. Mtu wa zaidi ya miaka 50 akivunjika nyonga au pingili ya mgongo kwa kuanguka kutoka kimo cha kusimama, mfupa wenyewe umeshatoa ushahidi. Daktari anaweza kuanza matibabu baada ya vipimo vya damu, bila kungoja DXA. Kuvunjika kifundo cha mkono kwa namna hiyo nako ni onyo, na kunahitaji uchunguzi. Hili ndilo lililopaswa kufanyika kwa mama yetu siku ile alipofungwa plasta: kuuliza kwa nini mkono umevunjika kirahisi hivyo.

Nani azungumze na mhudumu wa afya kuhusu vipimo hivi?

- Aliyevuka miaka 50 na kuvunjika mfupa kwa kuanguka kidogo.
- Aliyefupika kimo kwa zaidi ya sentimita 4, au mgongo wake umeanza kupinda.
- Mwanamke aliyekoma hedhi kabla ya miaka 45, au aliyeondolewa ovari.
- Anayetumia prednisolone au dawa za jamii hiyo kwa zaidi ya miezi 3. Jihadhari na dawa za viungo zisizo na lebo zinazouzwa mitaani. Baadhi huwa zimechanganywa na dawa hizi pasipo mnunuzi kujua.
- Mwenye ugonjwa wa figo, ini, thairoidi au baridi yabisi.
- Anayetumia dawa za kupunguza makali ya virusi vya Ukimwi zenye tenofovir. Dawa hii inaweza kupunguza mfupa kidogo na, kwa wachache, kuathiri figo. Usiache dawa hata siku moja kwa sababu hii. Faida yake ni kubwa kuliko madhara hayo. Uliza tu kliniki yako kuhusu kipimo cha figo, na kama kuna haja, dawa itabadilishwa huko huko.
- Mtoto ambaye miguu yake inapinda, anachelewa kutembea au analia akishikwa miguu.

Kijana mwenye afya asiye na dalili yoyote hahitaji vipimo hivi. Fedha zake zitamfaa zaidi kwenye chakula bora.

Kujiandaa siku ya kupimwa

Kwa vipimo vya msingi, nenda ukiwa umekunywa maji ya kutosha na ubebe dawa zako zote, hata za mitishamba. Kwa CTX, fika asubuhi kabla ya saa nne, bila kula tangu usiku, kwa kuwa tarakimu yake huwa juu alfajiri na hushuka ukila. Ukirudia kipimo, rudia kwa saa zile zile na ikiwezekana maabara ile ile.

Wanaotumia vidonge vya nywele na kucha wamwambie mhudumu. Vingi vina biotini, ambayo huvuruga mashine zinazopima PTH, vitamini D, CTX na thairoidi. Huenda ukaambiwa uviache siku chache kabla ya kipimo.

Anzia kituo kilicho karibu nawe. Kama hujajisajili na Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, jisajili kwa kubonyeza *147# au umwone mhudumu wa afya ya jamii wa kijiji chako. Kabla ya kutolewa damu uliza: kipimo hiki ni cha nini, ni kiasi gani, kinalipiwa na nani, na jibu litakuja lini?

Baada ya majibu

Kama kuna sababu iliyopatikana, itibiwe kwanza. Kama ni osteoporosisi, kuna dawa. Alendronate humezwa mara moja kwa wiki, asubuhi kabla ya chakula, kwa glasi nzima ya maji matupu na si kwa chai ya maziwa, kisha mgonjwa hukaa wima kwa nusu saa bila kulala ili dawa isichome umio. Kabla ya kuanza dawa kama hizi ni lazima kalsiamu, vitamini D na figo viangaliwe, kwa kuwa mtu mwenye upungufu mkubwa wa vitamini D anaweza kushukiwa na kalsiamu ya damu hadi akapata mikakamao.

Upande wa chakula, mtu mzima huhitaji takriban miligramu 1,000 za kalsiamu kwa siku, na mwanamke aliyevuka miaka 50 huhitaji 1,200. Glasi moja ya maziwa au mtindi hutoa karibu 300. Dagaa na omena wanaoliwa na mifupa yao, uji wa wimbi, ufuta na sukuma wiki ni vyanzo vizuri vinavyopatikana masokoni mwetu. Mchicha una faida nyingi, lakini kalsiamu yake nyingi haifyonzwi. Sima ya mahindi peke yake haina kalsiamu ya kutosha.

Jua la Pwani ni jingi, lakini wapo wanaoukosa mwanga wake: wazee wanaoshinda ndani, wagonjwa wa kitandani, wafanyakazi wa ofisini, na wanaofunika mwili wote watokapo. Dakika 15 hadi 30 za jua mikononi na miguuni, mara kadhaa kwa wiki, hata uani kwako penye stara, husaidia. Wenye ualbino wasifanye hivyo. Wao wajikinge na jua na wapate vitamini D kwa chakula au tembe kwa ushauri wa daktari.

Usinunue sindano au tembe za dozi kubwa za vitamini D bila ushauri. Ikizidi, hupandisha kalsiamu ya damu na kudhuru figo.

Mwisho, zuia kuanguka. Weka taa njiani kuelekea msalani, ondoa mikeka inayoteleza, mpimishe mzee macho, na mwambie atembee kila siku. Mfupa usiobebeshwa uzito hupungua.

Tahadhari kuhusu "vipimo" vya sokoni

Siku za soko na katika mikutano huonekana watu wenye mashine inayomtaka mtu ashike fimbo ya chuma kiganjani, kisha inachapisha kurasa za "magonjwa", mara nyingi "upungufu wa kalsiamu" ukiwa juu ya orodha. Pembeni pana makopo ya tembe ya kuuza. Kushika fimbo hakupimi kalsiamu wala mfupa. Hapo hakuna damu iliyotolewa, wala picha iliyopigwa. Hifadhi fedha zako.

Maswali ya kujipima

1. Kalsiamu ya damu ya babu ni 2.3 mmol/L. Je, mifupa yake ni imara?
2. Mtoto wa miaka 9 asiye na dalili yoyote ana ALP ya juu kuliko ya mama yake. Je, ni mgonjwa?
3. Jirani wa miaka 58 amevunjika kifundo cha mkono kwa kuteleza. Plasta imeondolewa. Je, matibabu yamekwisha?

*Majibu:* (1) Hatuwezi kujua. Hiyo ni pochi, si akiba. (2) La, anakua. (3) La. Arudi kituoni aulize sababu ya mfupa kuvunjika kirahisi, apimwe damu, na apangiwe tiba kabla hajaanguka tena.

Swali hilo la tatu ndilo tunaloomba ulipeleke nyumbani. Kama katika jamaa yako kuna mtu aliyevunjika mfupa kwa kuanguka kidogo na hakuna aliyeuliza sababu, mpeleke kituo cha afya kilicho karibu. Bado hajachelewa.